Boriti Iliyokatwa Pengo

Maandiko: 1 Wafalme 6:5–6, Kutoka 17:8–13

Wiki hii tuanze mahali ambapo wasomaji wengi wa Biblia huruka. Sura ya 6 ya Wafalme wa Kwanza imejaa vipimo, na mtu akifika hapo katika mpango wake wa kusoma Biblia kwa mwaka, macho yanateleza tu mpaka apate hadithi tena. Lakini mstari wa 6 una jambo. Sulemani alijenga vyumba vya kando kuzunguka hekalu, orofa tatu. Cha chini upana wake ulikuwa mikono 5, cha kati mikono 6, cha juu mikono 7. Mbona cha juu ni kipana kuliko cha chini? Ni kwa sababu ukuta wa hekalu upande wa nje ulikuwa ukipunguzwa unene kila orofa, ukaacha kama vidaraja vya ngazi, na boriti za vile vyumba zikalala juu ya vidaraja hivyo. Sababu yenyewe imeandikwa papo hapo: boriti zisije zikaingizwa ndani ya kuta za nyumba.

Yaani mjenzi alifikiria boriti kabla ukuta haujapanda. Hakungoja mpaka siku ya kuweka boriti ndipo aseme, "Haya, leteni patasi tutoboe hapa."

Nimeanza hapo kwa sababu ya swali ambalo nimeulizwa tangu mwezi uliopita, mlangoni baada ya ibada, kwenye ushirika wa nyumbani, hata kwa simu usiku: Mchungaji, mbona chumba cha watoto cha juu kimefungwa, na watoto wetu wako kwenye hema? Wengine wanasema ati pesa zimeisha. Wengine wanasema idara mbili zimegombana. Si pesa, wala si ugomvi. Ni boriti tatu.

Sakafu ya kile chumba imebebwa na mbao za inchi 8 kwa 2, zilizolala kutoka ukuta hadi ukuta, futi 12. Miaka kadhaa iliyopita iliwekwa sinki pale juu watoto wanawe mikono, na fundi wa bomba akatafuta njia ya kupitisha maji machafu. Mbao tatu zilikuwa zimesimama njiani. Akakata pengo la inchi 3 upande wa chini wa kila moja, karibu katikati kabisa ya urefu wake. Bomba likapita, dari ikarudishwa, rangi ikapakwa. Kazi safi! Ukisimama chini huoni kitu. Na simsemi vibaya huyo fundi. Kupitisha bomba refu kwenye matundu ya mbao ambazo tayari zimepigiliwa ni kazi ya nusu siku, lakini kukata pengo ni dakika kumi, na hakuna aliyekuwa hapo kumuuliza.

Aliyegundua ni mwalimu wa watoto. Alisema sakafu inacheza watoto wanaporuka wakati wa sifa. Tena mlango wa ofisi iliyo chini yake ulikuwa umeanza kukwama, na kila mtu akasema ni mvua, mbao ya mlango imevimba. Wazee walipofungua dari walikuta ufa umeanzia kwenye kona ya pengo, umelala kufuata nyuzi za mbao, umekwenda zaidi ya futi moja kuelekea ukutani. Sisi wote tumewahi kupasua kuni. Shoka likiingia kwa kufuata nyuzi, gogo linafunguka lenyewe. Ukilipiga kwa kukata nyuzi utatoka jasho. Kona kali ya pengo ni kama shoka lililoachwa ndani ya mbao, na kila mtoto anaporuka, linapigwa tena kidogo.

Mhandisi aliyesajiliwa alikuja akatufanyia hesabu, na naomba unifuate hapa hata kama hesabu ulikimbia ukiwa shule ya msingi. Boriti ikibeba mzigo inapinda. Upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa, na katikati ya kimo chake hakuna mvutano mkubwa. Ndiyo maana tundu la mviringo katikati ya kimo linaweza kuvumilika, lakini pengo upande wa chini linakata zile nyuzi hasa zinazofanya kazi ya kuvuta. Halafu nguvu ya boriti haishuki sawa na kiasi unachokata. Inafuata kimo kikizidishwa kwa chenyewe. Inchi 8 mara 8 ni 64. Ukikata inchi 3 zinabaki 5. 5 mara 5 ni 25. Pale penye pengo tuna 25 kati ya 64, chini ya asilimia 40. Hata angekata inchi 2 tu, yaani robo, zingebaki 6, na 6 mara 6 ni 36. Umeondoa robo ya mbao, umepoteza karibu nusu ya nguvu. Na hapo bado hujahesabu ufa.

Kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani, ambako nyumba nyingi ni za mbao, zinasema pengo kwenye mbao ya sakafu lisizidi sehemu moja ya sita ya kimo, na lisikatwe kabisa katika theluthi ya katikati ya urefu. Tundu linaruhusiwa mpaka theluthi moja ya kimo, mradi libaki inchi 2 kutoka ukingo wa juu na wa chini. Kwa mbao yetu ya inchi 8, pengo lisingezidi inchi moja na kidogo, tena kando, si katikati. Lile bomba lingeweza kupita kwenye tundu la inchi mbili na nusu bila shida. Na ndugu zetu wa Pwani walijua kuheshimu boriti zamani. Ukienda Lamu utaona vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Upana wake uliamuliwa na boriti ya mkoko, ni umbali gani inaweza kuvuka bila kulemewa. Mwenye nyumba hata awe tajiri namna gani, chumba kilifuata boriti.

Kabla sijaendelea, maana najua wengine hapa mnajenga na wengine ni wapangaji: hili liko hata nyumbani kwako. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa lina uzito wa kilo 1,000, na kuna watu wamelipandisha ndani ya paa, juu ya mbao zilizopangwa kubeba dari tu. Kuna waliokata mbao ya chini ya kenchi ili wapate mlango wa kupandia juu. Ile mbao ndiyo inayoshika miguu miwili ya paa isiachane. Usiikate! Chukua bisibisi, panda juu mchana, dunga mbao pale zinapoingia ukutani na pale paa linapovuja. Bisibisi ikizama kama kwenye mkate, mbao hiyo imeoza au mchwa wamekula ndani wakaacha ganda. Mpangaji, mwandikie mwenye nyumba, usimwambie kwa mdomo tu. Mwenye nyumba, ita mtu anayejua. Tumeelewana?

Sasa, ukarabati. Hapa ndipo nimehubiriwa mimi mwenyewe na mafundi.

Wazo la kwanza la mtu yeyote ni kujaza pengo. Kata kipande cha mbao kinachoingia sawasawa, tia gundi, piga misumari, paka rangi, sifa kwa Bwana. Fundi wetu wa mbao alicheka. Kipande kilichojazwa upande wa chini hakivuti kitu, kwa sababu nyuzi zake hazijaungana na nyuzi za boriti. Kimekaa pale kama mgeni. Kinaficha jeraha, wala hakibebi mzigo. Pengo limejaa na boriti bado ni ile ya 25 kati ya 64, ila sasa hakuna anayeiona.

Kinachofanywa ni hiki. Kwanza mzigo unaondolewa. Ndiyo maana chumba kimefungwa, viti vimeteremshwa, hata kabati la vitabu limetoka. Mambo ya Walawi 14:36 inasema habari ya nyumba yenye ugonjwa ukutani, kwamba kuhani anaagiza vitu vyote vitolewe kwanza, ndipo aingie kuitazama. Mungu alianza na kuhamisha vyombo. Halafu zinasimamishwa nguzo za muda pande zote mbili za pengo, zimekalia ubao mpana chini ili zisizame, na boriti inainuliwa kwa jeki pole pole sana, kidogo leo, kidogo kesho. Boriti iliyobonyea kwa miaka ukiishtua kwa siku moja, inaweza kupasuka mikononi mwako.

Pili, bomba linahamishwa. Msicheke. Kuna watu wameweka mbao mpya nzuri, kisha wakaikata pengo lile lile ili bomba lipite.

Tatu, mbao nzima inalazwa ubavuni mwa ile iliyojeruhiwa, ikiwezekana pande zote mbili. Iwe na kimo kile kile, imekauka vizuri, maana mbao mbichi itanywea baadaye na bolti zitalegea. Na ifike ukuta hadi ukuta. Kibao kifupi cha futi mbili pale penye jeraha hakisaidii; kinaning'inia kwenye mbao ile ile dhaifu inayotaka kusaidiwa. Mbao mpya lazima iwe na mahali pake pa kukanyaga. Kisha zinafungwa pamoja kwa bolti na washa pana, zikipishana juu na chini, si kwenye mstari mmoja, kwa sababu matundu yaliyopangwa mstari mmoja yanaiambia mbao mahali pa kupasukia. Gundi inasaidia. Misumari peke yake, hapana. Mahali pengine mhandisi huagiza bamba la chuma katikati ya mbao mbili. Kwetu amesema mbao zatosha.

Ile boriti ya zamani haitolewi, mnaelewa? Inabaki mahali pake. Bado ina kazi.

Nilipokuwa namsikiliza fundi akieleza, akili yangu ilikimbilia Refidimu, kwenye Kutoka 17. Waisraeli wanapigana na Amaleki bondeni. Musa yuko kilimani, mikono juu. Mikono ikiinuka, Israeli inashinda. Ikishuka, Amaleki anashinda. Na Biblia haituambii kwamba Musa alikosa imani. Inasema mikono yake ilikuwa mizito. Basi. Mikono ya mtu huchoka.

Angalia Haruni na Huri walifanya nini, na kwa utaratibu gani. Walitwaa jiwe wakaliweka chini yake, akaketi. Kwanza mzigo wa mwili wake uliondolewa miguuni! Kisha wakasimama, mmoja upande huu na mmoja upande huu, wakaishika mikono yake. Pande mbili. Na wakaishika mpaka jua lilipokuchwa, yaani ukuta hadi ukuta. Hawakumnyang'anya nafasi yake. Hawakumwambia, "Mtumishi, sisi tutakuombea," kisha wakateremka. Wala hawakumfundisha jinsi ya kuinua mikono vizuri zaidi. Na Yoshua kule bondeni, mwenye upanga, huenda hakujua hata kidogo kwamba uhai wa wanaume wake ulikuwa unaning'inia kwenye mabega ya wazee wawili waliosimama kando ya mzee wa tatu.

Sasa nataka niseme jambo ambalo halitawafurahisha wote. Katika kanisa la Mungu kuna watu ambao ni boriti, na wamekatwa. Dada mmoja anafundisha watoto. Kwa sababu ni mwaminifu, idara ya sifa inamwomba sauti. Kwa sababu ni mwaminifu, anahesabu sadaka. Kukiwa na msiba anapika, kukiwa na kesha anaongoza, na nyumbani ana mama mgonjwa. Kila idara ilikata kidogo tu. Hakuna hata moja iliyokata pengo kubwa. Lakini hesabu ya boriti haisamehe: ukitoa robo unapoteza karibu nusu. Kumwomba mtu atumike si dhambi; boriti inaweza kutobolewa mahali pafaapo na ikasimama miaka hamsini. Swali ni wapi, na kwa kina gani, na nani mwingine ameshatoboa.

Halafu sakafu ikianza kucheza, tunakuja na kipande cha kujaza. "Pole sana dada, Mungu atakutia nguvu." Tunapaka rangi. Jumapili ya Wafanyakazi tunamwita mbele apigiwe makofi. Makofi ni mazuri. Hayabebi.

Kuna ndugu mmoja, na ameniruhusu kuyasema haya bila jina lake, ambaye mkewe alilazwa hospitalini wiki saba. Kanisa lilimtembelea. Tulikwenda na unga, sukari, mafuta ya kupikia, tukaomba sana, tukarudi. Ilikuwa vyema, na alishukuru. Lakini anasema kilichomzuia kuanguka ni wanaume wawili wa ushirika wake. Mmoja alipeleka watoto shuleni kila asubuhi kwa wiki saba. Mwingine alikaa dukani kwake kuanzia saa nane mpaka jioni ili yeye aende wodini. Hawakuwa na maneno mengi. Mmoja wao, nawaambia, hata kuomba kwa sauti mbele za watu hawezi. Walifika ukuta hadi ukuta.

Paulo katika Wagalatia 6:1 anasema mtu akianguka, walio wa roho wamrejeshe kwa upole. Neno la Kigiriki alilotumia hapo ndilo linalotumika katika Mathayo 4:21 kwa Yakobo na Yohana wakizitengeneza nyavu zao chomboni. Ni neno la fundi. Ni la mtu aliyekaa chini, kitu kimevunjika mikononi mwake, na ana mchana wote.

Sasa la pesa, nilimalize haraka. Nilisomea biashara chuoni, na kitu cha kwanza unachojifunza ni kwamba kila mtu anapenda kununua mali, hakuna anayependa kuitunza. Si jambo geni. Katika 2 Wafalme 12, mpaka mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi makuhani walikuwa hawajatengeneza mabomoko ya nyumba, na sadaka zilikuwa zinaingia. Ndipo Yehoyada kuhani akatoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku, akaliweka kando ya madhabahu, na pesa zikaenda moja kwa moja kwa maseremala, waashi, kwa mbao na mawe. Tena mstari wa 13 unasema hazikutengenezewa vikombe vya fedha. Harambee ya vipaza sauti vipya hujaa kwa Jumapili moja. Harambee ya boriti ambayo itafunikwa na dari, mtu asiione tena, hiyo inahitaji watu wa aina nyingine. Sanduku liko kando ya mlango wa ofisi, na risiti za mbao, bolti na mhandisi zitabandikwa ubaoni kila wiki.

Kazi inaanza Jumamosi saa mbili asubuhi. Wanaotaka kubeba mbao waje na viatu vizito. Watoto wabaki nyumbani. Hema litaendelea kwa majuma manne, pengine matano, na sakafu haitafunguliwa mpaka mhandisi airudie na kuikagua.

Na kwa boriti zile nyingine, zenye majina, idara ya watoto imeandaa karatasi mbili, nazo ziko kwenye meza ya mashemasi. Safu ya kushoto ina majina ya walimu kumi na mmoja wanaohudumu sasa, na zamu zao mpaka mwisho wa mwaka. Safu ya kulia ni ya mtu atakayesimama kando ya kila mmoja wao, zamu zile zile, mpaka mwisho. Nilipopita hapo Jumatano jioni, kulia palikuwa na majina mawili. Kalamu imefungwa kwa uzi mezani.